Sungura Aliyehasiwa na Kazi Inayobaki Nyumbani

Hapa Matete kuhasi ng'ombe si jambo geni. Fahali hushikwa, koleo la kuhasia hubanwa upande huu na upande huu, na jioni yake mnyama yuko malishoni anakula. Mbuzi vile vile. Kwa hiyo mtu akisikia ya kuwa sungura naye amehasiwa, hudhani kazi ni ile ile, na ya kuwa daktari akiisha kufunga mkoba wake mambo yamekwisha. Sivyo. Kwa sungura, kisu cha daktari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa nyumbani, mara nyingi na mtoto wa shule, na katika nusu hiyo ndipo sungura wengi hufa. Somo letu la mwezi huu ni juu ya nusu hiyo ya pili.

Wako watakaocheka na kuuliza, sungura ahasiwe kwa nini? Mtu afugaye kwa ajili ya nyama hana haja ya jambo hili, maana madume yake huchinjwa au huuzwa wangali wachanga, kabla hawajaanza kusumbuana. Lakini si kila sungura ni wa chungu. Katika shule zenye vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza mwaka 1962 na kufufuliwa mwaka 2021, sungura ni mnyama anayewafaa watoto sana, kwa kuwa hahitaji malisho makubwa wala nguvu nyingi. Mtoto humpa jina, humchumia majani kila jioni, na baada ya miezi michache huyo si mfugo tena, ni rafiki. Basi hapo ndipo shida huanza. Madume wawili waliozaliwa tundu moja huishi kwa amani hadi umri wa miezi mitatu au minne, kisha hupigana, na mahali wanapopenda kuumana ni penye korodani. Akiwekwa dume na jike, jike hubeba mimba kwa muda wa siku 31 hivi, naye aweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Kizimba kimoja kilichotengenezwa kwa mbao za masanduku hakiwezi kuvumilia hesabu hiyo. Kumhasi dume ndiko kunakomwezesha kukaa na mwenzake bila vita na bila watoto kila mwezi.

Kwa nini koleo halifai

Yafaa tulieleze jambo hili kwanza, maana tumeulizwa ofisini zaidi ya mara moja kama haiwezekani kutumia koleo la mbuzi, au ule mpira mdogo wa kufunga. Haiwezekani. Korodani za sungura hushuka akiwa na umri wa wiki 10 hadi 12, lakini ile njia zinamopita haizibi kama ilivyo kwa wanyama wengine. Sungura akiogopa au akipatwa na baridi huzivuta zikarudi tumboni. Ukifunga mpira waweza kufunga ngozi tupu, au ukafunga kitu kisichokusudiwa. Na kwa kuwa njia hiyo i wazi, utumbo nao waweza kushuka humo. Kwa hiyo ni lazima sungura alazwe kwa nusukaputi, akatwe, na daktari aizibe njia hiyo kwa uzi.

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyeandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo anza kwa kuuliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Usione haya kumwuliza daktari, kwa heshima, kama amekwisha kuwapasua sungura. Daktari hodari wa ng'ombe aweza kuwa hajapata kumlaza sungura hata mmoja, na nusukaputi ya sungura ina mashaka yake. Daktari mwenye busara hataudhika kwa swali hilo.

Usimfungishe njaa

Sasa twaingia katika jambo kubwa kuliko yote.

Sote twajua kwamba mtu akienda kupasuliwa hospitalini huambiwa asile tangu jana yake. Sababu ni kwamba mtu akiwa katika usingizi wa dawa aweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Mbwa na paka nao hufungishwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini sungura hawezi kutapika. Mwili wake haukuumbwa kufanya hivyo. Basi kumnyima chakula tangu usiku hakumfaidii kitu, na madhara yake ni makubwa.

Tumbo la sungura ni kama jiwe la kusagia linaloendeshwa na maji ya mto: maji yakikoma, jiwe husimama. Yeye hula kidogo kidogo mchana na usiku, na kila tonge la nyasi husukuma lile lililotangulia. Asipokula kwa muda wa saa nyingi, utumbo hulegea, chakula kilichomo hukauka, hewa hujaa, na tumbo humwuma. Kwa kuwa linamwuma, hataki kula. Kwa kuwa hali, linazidi kuuma. Wakati huo huo mwili hutafuta nguvu kwa kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na mafuta hayo huenda kulilemea ini, hasa kwa sungura mnene. Duara hilo likiisha kuanza, siku mbili au tatu zatosha kumwua mnyama ambaye kidonda chake ni safi kabisa.

Tumeona jambo hili hapa kwetu. Mvulana mmoja wa darasa la sita alikuwa na dume mweupe, mzuri sana. Alihasiwa vema, akarudi nyumbani akiwa macho. Nyanya yake mvulana, mama mwenye huruma, alisema mgonjwa aliyepasuliwa asipewe chakula kigumu, akaagiza apewe uji mwepesi wa mahindi tu mpaka siku ya tatu. Sungura hakuugusa uji huo. Siku ya kwanza walisema amelewa dawa. Siku ya pili walisema anapumzika. Siku ya tatu asubuhi alikutwa amekufa. Kidonda kilikuwa kikavu, hakina usaha wala harufu. Nyanya yule alimtunza kama ambavyo angalimtunza mtu, na kwa mtu angalikuwa amefanya vema. Kilichoua ni njaa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa daktari, mwache sungura ale nyasi kama desturi, na uchukue fungu la nyasi zile zile na majani yale anayoyapenda, ili ayakute mbele ya pua yake mara akizinduka. Daktari aweza kuondoa chakula kwa saa moja au mbili kabla ya kazi ili kinywa kiwe safi. Hilo halina ubaya.

Safari na usiku wa kwanza

Usimpokee sungura kabla hajaweza kuinua kichwa na kuketi mwenyewe. Kama umekwenda naye Kakamega, na unarudi kwa njia ya Malava kwa gari la abiria au kwa bodaboda, mweke katika sanduku la karatasi ngumu lililotobolewa matundu pande zote, na chini utandike kitambaa asiteleze. Usimtie katika gunia. Usimshike masikio, kamwe. Mkono mmoja chini ya kifua, mkono mwingine chini ya matako, na mwili wake ukuegemee. Akirusha miguu ya nyuma akiwa ananing'inia aweza kuvunjika uti wa mgongo.

Nyumbani, mweke ndani, pahali pasipo kelele, mbali na mbwa. Usimrudishe kwenye kizimba cha juu anamoruka. Kwa siku hizi za kwanza kitu kama sanduku kubwa lililolazwa sakafuni chafaa zaidi. Tandika magazeti, na juu yake kitambaa safi au nyasi kavu laini. Maranda na unga wa mbao havifai, kwa sababu hunata kwenye kidonda.

Apate joto. Sungura aliyetoka katika nusukaputi hupoteza joto upesi, na usiku wa huku kwetu mvua ikinyesha ni baridi. Jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, uiweke upande mmoja tu wa sanduku ili aisogelee au aikimbie apendavyo. Watu wengi watataka kumlaza jikoni karibu na moto. Joto la jikoni ni zuri, lakini moshi si mzuri. Mapafu ya sungura ni madogo na dhaifu, na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa laweza kumwua yeye na aliyelala naye. Gusa masikio yake kila saa. Yakiwa baridi sana na mnyama amelegea kama kitambaa, mpashe joto na umpigie daktari simu.

Chakula, na kuhesabu punje

Mpe maji katika bakuli pana ambalo hana haja ya kujikunja kulifikia. Mwekee nyasi tele, zile kavu na zile mbichi. Nyasi ndizo dawa ya tumbo lake. Mengine yote ni kitoweo. Katika vitoweo, sungura wa huku hupenda kishonanguo, mchunga, majani ya viazi vitamu na majani ya karoti. Mpe kidogo kidogo, yaliyooshwa na kukaushwa umande. Matete machanga, ambayo jina lake ni moja na jina la mahali petu, yafaa pia yakikatwa mafupi. Kabichi iachwe kwa sasa, maana huleta hewa tumboni. Usimpe mkate, wala ugali, wala ule uji.

Dume aliyehasiwa asubuhi yatarajiwa aanze kutafuna kitu jioni yake. Lakini macho huweza kudanganya. Sungura aweza kunusa nyasi na kuzivutavuta, mtoto akasema amekula. Ushahidi usiodanganya ni kinyesi. Sungura mzima hutoa punje zaidi ya 100 kwa siku, za duara, kubwa karibu sawasawa. Basi mpe mtoto daftari na kalamu, achore safu tano: saa, chakula, punje za kinyesi, mkojo, kidonda. Asubuhi, adhuhuri, jioni na kabla ya kulala aandike alichokiona, kisha aondoe punje zilizohesabiwa ili zisihesabiwe tena. Kazi hii yaweza kuonekana kuwa mchezo, lakini daktari akipewa daftari hilo atajua zaidi kuliko akiambiwa "hajambo kidogo". Na kwa mtoto ni somo la hesabu lenye faida.

Siku ya kwanza punje huwa chache na ndogo. Hilo si la kutisha mradi zinaongezeka. Saa 12 zikipita tangu azinduke, naye hajala kabisa, mpigie daktari simu na umwombe ruhusa ya kumlisha kwa mkono. Saa 24 zikipita bila punje hata moja, usingoje siku ya soko wala Jumatatu. Mchukue uende naye.

Kumlisha kwa mkono ni hivi. Chukua chakula cha sungura cha dukani, kile kilichoshindiliwa punje punje, ukiloweke katika maji ya vuguvugu mpaka kiwe kama uji mwepesi, ukichuje. Kivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mfunge sungura katika taulo kichwa kikiwa nje, mketishe kama anavyoketi siku zote, wala usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa kinywa, nyuma ya meno ya mbele, usukume mililita 1, ungoje atafune na kumeza, ndipo usukume nyingine. Kwa sungura wa kilo 2 au 3, mililita 20 kwa mlo mmoja, mara tano kwa siku, zatosha kuliendesha tumbo. Ukifanya haraka chakula kitaingia mapafuni. Na ukiona tumbo limejaa na kuwa gumu kama ngoma, usimlishe kitu chochote. Huyo ni wa daktari saa ile ile.

Mambo mawili huwashtua watu bure. La kwanza ni mkojo. Mkojo wa sungura waweza kuwa wa manjano, mweupe kama maji ya chokaa, au mwekundu wa kutu kwa sababu ya majani aliyokula. Wekundu ulioenea sawasawa kwa kawaida si damu. Damu huonekana kama matone au nyuzi ndani ya mkojo. La pili ni kwamba sungura huinama akala kitu kinachotoka katika mwili wake mwenyewe. Hicho si kinyesi cha kawaida. Ni vifungu laini vyenye kung'aa, vilivyoshikana kama kichala kidogo cha zabibu, anavyovitoa wakati wa utulivu na kuvila mara vinapotoka. Humo mna vitamini na protini ambazo tumbo lake halikuwahi kuzichukua mara ya kwanza. Asipovila hudhoofika. Ndiyo sababu hatupendi ile kola pana ya plastiki avalishwayo mbwa shingoni ili asirambe kidonda: sungura akivalishwa hiyo hawezi kuvifikia vifungu vyake, wala kujisafisha, na mara nyingi huacha kula kwa huzuni. Ivaliwe pale tu daktari aonapo hapana budi.

Maumivu, na dawa zinazoua

Ng'ombe akiumwa hulia, mbwa hulia. Sungura hanyamazi kwa ujasiri. Hunyamaza kwa sababu porini mnyama mdogo anayelia huitia maadui. Basi umtazame vizuri. Akiketi amejikunja pembeni, macho nusu, masikio yamelala, akisaga meno kwa sauti unayoisikia ukikaribia, huyo anaumwa. Akibanabana tumbo chini sakafuni, anaumwa. Sungura anayeumwa hali, na tumekwisha kusema asiyekula atakuwaje. Kwa sababu hiyo dawa ya maumivu si anasa. Mwombe daktari ampige sindano ya maumivu kabla hajazinduka, kisha akupe ya kunyweshea nyumbani kwa siku mbili tatu. Inayotumika sana ni meloksikamu. Kipimo ni cha daktari, kwa uzito wa mnyama huyo. Usikisie kwa kulinganisha na mbwa wa jirani.

Hapa yatupasa kusema kwa ukali kidogo. Katika kila nyumba kuna kibweta chenye vidonge vilivyobaki, na katika kila jamaa yuko mtu mmoja anayependa kutibu. Amoksisilini, vile vidonge ambavyo wengi huvijua kwa rangi zake mbili, ni dawa njema kwa mtu aliyeandikiwa. Sungura akimezeshwa aweza kufa. Sababu ni hii: nyuma ya utumbo wake upo mfuko mkubwa wenye vijidudu vyema vinavyochachusha majani, nao ndio kiwanda cha chakula chake. Amoksisilini na ndugu zake, ampisilini na penisilini, zikimezwa huviua vijidudu vyema, na vile vibaya vilivyobaki huzaana na kutoa sumu. Kwanza ataharisha, kisha atalegea. Linkomisini na klindamisini ni hatari vile vile. Dawa za kuua vijidudu ambazo sungura huzivumilia zipo, na daktari anazijua. Tena, ukitaka kumkinga na viroboto au nzi, usimpake wala usimnyunyizie dawa ya mbwa yenye fipronili. Ni sumu kwake. Soma karatasi ya chupa kabla hujalipa, na kama huwezi kuisoma, mpe mtoto akusomee.

Kidonda, nzi na siafu

Kitazame kidonda mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwenye mwanga, mtu mmoja ameshika na mwingine anatazama. Kwa dume utaona mikato midogo kwenye ngozi ya korodani au mbele yake kidogo. Siku mbili tatu za kwanza ngozi hiyo huvimba kiasi, nayo huweza kuwa na wekundu au weusi wa kuvilia. Kisha hunywea. Uvimbe ukizidi badala ya kupungua, ukawa mkubwa kuliko korodani zilivyokuwa kabla, yaweza kuwa damu inavuja ndani, au ule utumbo tuliousema umeshuka. Mpeleke. Usaha wa sungura nao si kama wa ng'ombe, hautiririki. Ni mzito kama unga uliokandwa, kwa hiyo usingojee kuona majimaji ndipo useme kidonda kimeoza. Ukigusa uvimbe ulio mgumu na wa moto, au ukisikia harufu, yatosha.

Kidonda kilicho safi usikipake kitu. Majivu, masizi, mafuta ya taa, spiriti, utomvu wa majani, vyote hivyo vyaleta madhara kuliko faida, na sungura atavilamba. Kikichafuka kwa mkojo, chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai kisichojaa, yapoe, kisha upanguse polepole kwa pamba na kukausha. Usimwogeshe mwili mzima. Maji humwingiza sungura katika hofu kubwa na baridi.

Wakati wa mvua, mwingi huku kwetu, nzi ni adui mbaya kuliko vijidudu. Nzi wa kijani hutaga mayai penye unyevu, kwenye kidonda au kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, na chini ya siku moja mayai huwa mabuu yanayotafuna nyama hai. Ndiyo maana tulisema akae ndani, matandiko yabadilishwe kila siku, na chandarua kuukuu kitandwe juu ya sanduku. Ukiona mabuu hata mawili, si kazi ya kungoja kesho.

Na siafu. Mwenyeji yeyote wa Kakamega anajua wafanyavyo kwa kuku aliyefungiwa. Sungura aliye kizimbani hana pa kukimbilia, na mwenye kidonda hana hata nguvu za kupiga miguu. Atakaporudishwa kizimbani, miguu minne ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, na nyasi za kuzunguka zifyekwe, ili pasiwe na jani la kuwapandisha.

Jike

Kumpasua jike ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa tumbo lenyewe hufunguliwa na tumbo la uzazi hutolewa. Hufanywa kwa sababu majike wengi wanaoachwa kuzeeka hupata saratani ya tumbo la uzazi, lakini kwa mfugaji wa huku mwenye dume mmoja na jike mmoja, kumhasi dume ni rahisi na salama zaidi. Sisi twashauri hivyo. Kama jike amepasuliwa, yote tuliyoyasema yamhusu, ila maumivu yake huchukua siku nyingi zaidi, na yaweza kufika siku ya pili au ya tatu kabla hajala vizuri. Kwa hiyo kulishwa kwa mkono kwake ni jambo la kutarajiwa. Wengine hung'oa manyoya ya kifua na kujenga kiota kama wenye mimba. Mwache, asiwe anang'oa karibu na kidonda tu.

Kurudi kwa mwenzake

Asirukeruke kwa siku 10. Daktari atataka kumwona tena kati ya siku ya 10 na ya 14, hata kama nyuzi ni zile zinazoyeyuka zenyewe. Wakati huo wote mwenzake akae upande wa pili wa waya, waonane na kunusana, maana sungura waliotengwa kabisa husahauliana na kupigana kama wageni.

Lakini kupona kidonda si ruhusa ya kumrudisha kwa jike. Jambo hili huwakuta watu wengi hawalijui. Korodani zimeondolewa, ila mbegu zilizokuwa zimekwisha kupita zimebaki njiani, nazo zaweza kutia mimba kwa muda wa wiki nne hadi sita. Sisi twasema sita. Dume aliyehasiwa tarehe 3 Juni asiwekwe na jike kabla ya tarehe 15 Julai. Hasira zake nazo hupungua polepole katika majuma hayo, si kwa siku moja. Siku ikifika, wakutanishwe mahali ambapo si pa huyu wala pa yule, kwa dakika chache, mtu mzima akiwapo, na kila siku muda uongezwe. Na ile tarehe iandikwe kwa chaki juu ya mlango wa kizimba kwa herufi kubwa, kwa kuwa anayekuja kufungua jioni huenda si yule aliyezungumza na daktari.